Siku nne kwa miguu Rungwe: anzia juu, malizia ziwani

Swali: Naishi Iringa mjini. Mwezi wa saba mimi na mdogo wangu tunataka kuzunguka vijiji vya Rungwe, mkoani Mbeya, kwa miguu kwa siku nne, tukilala gesti za kawaida na kupanda magari ya abiria inapobidi. Hatuna gari wala hema. Watu wanatuambia ni vilima vya kawaida, tutatembea popote tutakapo. Tupange vipi, tubebe nini, na ni kitu gani hasa huwaharibia watu safari kule?

Jibu: Waliowaambia ni vilima vya kawaida wameviona kwa dirisha la basi. Kutoka Uyole kwenda Tukuyu macho yanaona kijani kitupu, migongo imelala upole mmoja baada ya mwingine. Kisichoonekana ni mabonde yaliyo katikati. Ardhi ya Rungwe imejengwa na volkano: majivu, mawe mepesi yanayoelea majini, na mtiririko wa mawe meusi chini yake. Mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe wa miaka kama 4,000 iliyopita uliacha tabaka la mawe hayo mepesi eneo lote. Udongo wa namna hiyo unalimika kirahisi, na maji nayo yanaukata kirahisi. Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inateremka kusini kwenda Ziwa Nyasa, na kila kijito kinachoingia humo kimejichimbia korongo lake.

Matokeo yake ni kwamba migongo mingi inafuata mwelekeo mmoja, kutoka kaskazini kushuka kusini, na barabara na nyumba zimekaa juu yake. Anayetembea na mgongo anakwenda kilomita 4 kwa saa huku anapiga soga. Anayekatiza mabonde, kwa sababu kijiji anachokitaka anakiona hapo ng'ambo, atashuka mita 100 kwenye utelezi, atavuka gogo, atapanda mita 100 nyingine, na saa nzima itakuwa imekwisha kabla hajamaliza kilomita 2. Kisha atakuta mgongo aliofika una bonde jingine nyuma yake. Safari nyingi za Rungwe huharibikia hapo: watu wanapanga duara kwenye ramani, na duara linawalazimisha kuvuka mabonde siku nzima.

Kwa hiyo pangeni safari ya kushuka. Anzieni juu upande wa Isongole, laleni Tukuyu katikati, malizieni Matema ufukweni. Mtakuwa mmetoka kwenye mita zaidi ya 2,000, mkapita Tukuyu kwenye mita 1,500 hivi, mkafika ziwani kwenye mita 475 hivi. Hesabu ya muda iwe hii: saa 1 kwa kila kilomita 4, ongeza dakika 15 kwa kila mita 100 za kupanda. Kushuka msikupunguzie chochote, maana udongo ukiwa na unyevu kushuka ni polepole sawa na kupanda. Mwezi wa saba kule jua linatoka karibu saa 1 asubuhi na kuzama kama saa 12 na nusu jioni. Panga uwe umefika saa 10 jioni. Saa mbili na nusu zinazobaki ni akiba ya kupotea njia, mvua na gari lisilojaa.

Mwezi mmechagua vizuri. Upepo wa kusini-mashariki husukuma unyevu wa Ziwa Nyasa hadi kwenye Milima ya Livingstone na Mlima Rungwe, na hapo unageuka mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kinachozidi mara tatu ya Iringa mjini. Machi hadi Mei msithubutu: njia za mabondeni zinakatika, na kingo za barabara za udongo zinaporomoka. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, lakini mtu wa Iringa asilisikie neno hilo akafikiria vumbi la Iringa. Julai ya Tukuyu ina ukungu wa asubuhi na manyunyu yanayokuja bila taarifa. Baridi ndiyo yenyewe. Upande wa Isongole usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na gesti nyingi hazina maji ya moto ya bomba. Ombeni ndoo ya maji ya moto mapema jioni, kabla mkaa haujazimwa.

Mnapotoka Iringa, hakuna haja ya kuingia Mbeya mjini. Mabasi yote ya Mbeya yanapita Uyole kwanza, na hapo ndipo barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepukia kusini. Mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka Uyole, la sivyo mtapelekwa mpaka stendi na kulipa nauli ya kurudi. Kosta na Noah za Tukuyu zinapakia hapo mpaka jioni. Lalieni Tukuyu usiku huo. Gesti ni nyingi, benki zipo, na hapo patakuwa kambi yenu kwa siku mbili za kwanza, mizigo ibaki chumbani.

Siku ya kuanza kutembea iwe Jumatano. Sababu ni Jumamosi, na nitaifikia.

Jumatano: Ziwa Ngozi. Pandeni gari la asubuhi linalorudi kuelekea Mbeya, mshuke Mchangani, kata ya Isongole. Ngozi ni ziwa lililo ndani ya kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkano, urefu wake kama kilomita 2.5, na ukingo wa kasoko uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka lami hadi mwanzo wa msitu ni barabara ya udongo ya kilomita 6 au 7 katikati ya viazi na kabichi. Bodaboda wanaifanya, na kwenda kwa boda na kurudi kwa miguu ni uamuzi wa busara kwa siku ya kwanza. Msituni ni kupanda saa 1 hadi saa 1 na nusu, kwenye mianzi na mizizi yenye utelezi. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza. Njia yenyewe inafahamika, ila kuna vijia vya wakata kuni vinavyochepuka, na ukungu ukishuka vyote vinafanana.

Mkifika ukingoni mkakuta weupe mtupu, kaeni. Ukungu wa Ngozi hufunguka na kujifunga ndani ya dakika chache, na wengi wameondoka robo saa kabla ziwa halijaonekana. Kushuka hadi majini ni jambo jingine kabisa. Ukuta wa ndani ni mkali, kiasi cha mita 200, na hakuna ngazi. Kama mwongozaji wako hajafika chini mwaka huo, msishuke. Vaeni suruali ndefu na kuichomeka ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu na majani yanayowasha.

Suala la ada. Hifadhi za misitu ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na malipo yake ni kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki. Mtu akikuomba fedha mkononi bila namba na bila risiti, hiyo si ada. Mtandao pembeni ya msitu unasumbua, hivyo ulizeni ofisi zao Tukuyu siku moja kabla, mlipe mkiwa mjini. Ujira wa mwongozaji ni kitu tofauti: patana naye kabla ya kuondoka, kwa siku nzima na si kwa saa, semeni kama chakula chake kimo, na lipeni mkisharudi.

Mtaona Mlima Rungwe, mita 2,960, umesimama upande wa mashariki wa barabara, na mdogo wako atasema twende. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2009, na kima anayeitwa kipunji, aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2005, anaishi kwenye misitu yake. Lakini kuupanda na kushuka kunakula siku nzima kuanzia alfajiri, unapanda zaidi ya mita 1,000, na siku inayofuata magoti hayatataka kusikia habari ya mteremko. Kwa siku nne nilizopewa, ningeuacha.

Alhamisi: Kijungu na Daraja la Mungu. Vyote viwili viko kwenye Mto Kiwira, magharibi ya barabara kuu. Shukeni Kibwe, kama kilomita 12 kaskazini mwa Tukuyu, kisha kilomita nyingine kama 12 kuingia ndani. Kwenda na kurudi kwa miguu ni kilomita 24, nyingi mno kwa siku moja yenye mambo ya kutazama. Chukueni bodaboda hadi mwisho, kisha mtembee kurudi, kwa sababu mkichoka njiani boda zinapita.

Daraja la Mungu ni tao la mwamba wa volkano. Mto umekula sehemu laini ya chini na kuacha sehemu ngumu ya juu, na watu wanavuka. Kijungu ni shimo la mviringo ambamo mto mzima unaingia, unazunguka, unapotelea chini ya mwamba na kutokea mbele. Eneo hilo liko ndani ya mipaka ya Chuo cha Magereza Kiwira. Mtapita getini, mtaandika majina, mtaonyesha vitambulisho. Msipige picha za majengo, geti wala watu waliovaa sare. Simu itoke mfukoni mkifika mtoni. Na pale mtoni mwamba uliolowa hauna rafiki. Anayeteleza kwenye Kijungu hatoki, maana maji yanamvutia chini ya jiwe. Simameni mita 2 nyuma ya ukingo, na viatu viwe vyenye meno.

Kama mmeamka mvua inanyesha kweli kweli, achaneni na Kijungu siku hiyo. Nendeni Maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, ambayo maji mengi yanayapendezesha: urefu kama mita 40, na pango nyuma ya pazia la maji. Mnashuka Ushirika kwenye barabara ya Kyela, halafu boda au mwendo wa zaidi ya saa 2.

Ijumaa: Tukuyu hadi Ziwa Masoko. Hii ndiyo siku yenyewe. Mizigo yote mgongoni, mnatoka Tukuyu saa 2 asubuhi, mnafuata barabara ya Masoko, kilomita 15 hadi 20 kutegemea vijia mtakavyochagua, karibu yote ni kushuka. Vijia vya wenyeji vinaandamana na barabara, vinapita nyuma ya nyumba na ndani ya migomba. Vitumieni, ila kila nusu saa hakikisheni mnasikia au mnaiona barabara.

Jifunzeni kusoma mwinuko kwa mazao, ni kipimo kizuri kuliko simu. Juzi yake kule Isongole mlikuwa kwenye viazi mviringo, kabichi na pareto: hiyo ni nchi ya mita 2,000 na zaidi. Ikianza chai, mmeshuka chini ya 1,900 hivi. Tukuyu yote ni chai, migomba, parachichi na mahindi, na kahawa inajificha kwenye kivuli cha migomba. Mkiendelea kushuka chai inakatika ghafla, na mahali pake inakuja miti mifupi yenye majani makubwa, matunda yamebanana na shina lenyewe: hiyo ni kakao, na maana yake mmefika kama mita 900 na kwenda chini, joto litakalowafanya mvue sweta. Bado chini ya hapo, Kyela, ni mpunga na michikichi. Mgomba peke yake ndio unaokusindikiza njia nzima, ndiyo maana hauwezi kukuambia lolote kuhusu mahali ulipo.

Kwenye mashamba ya chai msikatize ovyo. Mengi ni ya wakulima wadogo. Kupita katikati ya mistari kunavunja machipukizi, na chipukizi na majani yake mawili ndiyo mapato ya mtu. Kuna njia za kupitishia mizigo, zifuateni. Zina ubaya wake: ndani ya chai kila njia panda ni sawa na iliyopita, na kukiwa na ukungu mtu huzunguka akarudi alipotoka. Hilo likiwakuta, tafuteni kijito na mtazame maji yanaelekea wapi. Kwa ujumla yanaelekea kusini, ziwani. Kukiwa kweupe, Mlima Rungwe uwe nyuma yenu.

Masoko ni ziwa la kasoko pia, dogo na la mviringo, halina mto unaoingia wala unaotoka, na kina chake kinazidi mita 35. Matope ya chini yake yametunza kumbukumbu ya hali ya hewa ya zaidi ya miaka 40,000, na watafiti wamekuja kuyatoboa kwa sababu hiyo. Kando yake kuna jengo la mawe la Wajerumani, kambi ya jeshi enzi hizo, likaja kuwa mahakama. Mtaambiwa habari za sarafu na silaha walizozitupa Wajerumani ziwani walipokimbia vita. Mtu akiwauzia sarafu, nunueni kama mmeipenda, msinunue kama mali ya kale yenye thamani.

Pande hizi za Mbaka na Busokelo gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini yenyewe, nyingi kiasi kwamba inavunwa kibiashara. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa kwenye vishimo. Mkiona chemchemi inachemka mapovu na maji yake si ya moto, au mdudu na ndege wamekufa kwenye kidimbwi kikavu, msiiname wala kukaa hapo kupumzika. Pumzikeni mahali palipoinuka.

Masoko yenyewe pa kulala ni pa kubahatisha. Fikeni kabla ya saa 9 alasiri, mle, kisha mshike gari linaloshuka Ipinda na kuendelea Matema. Magari ya jioni ni machache na hayana ratiba. Hiyo ndiyo sababu ya kutoka Tukuyu saa 2 na si saa 4.

Jumamosi: Matema. Asubuhi Lyulilo, mwendo mfupi mashariki ya Matema kando ya ziwa, kuna soko la vyungu. Ni kazi ya wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji vya jirani, wanaovileta kwa mitumbwi. Soko ni la Jumamosi na huchangamka mapema. Ukifika saa 5 unakuta wanafunga. Baada ya hapo ni maji na jua. Mtoni na kwenye vinywa vya mito msiogelee kabla ya kuuliza wavuvi, kwa ajili ya mamba.

Kuhusu mzigo: kilo 8 kila mmoja, msizidishe. Sweta zito 1, suruali 2, soksi jozi 4 (2 za kutembelea, 1 ya kulalia ambayo hailowi kamwe, 1 ya akiba), kandambili, tochi, pawabanki, chupa ya lita 1.5. Viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa wiki kadhaa. Mtawaona wenyeji wote na gambuti, na mtashawishika. Gambuti ni nzuri kwa shamba la saa 3, lakini kwa kilomita 15 za mteremko kisigino kinacheza ndani na kuchubuka. Bandikeni plasta kwenye visigino kabla ya kuanza, siyo baada ya kuungua. Kwa mvua, mwavuli unashinda koti: chini ya koti la nailoni unalowa jasho, na ukipita kwenye migomba mwavuli uliokunjwa unakuwa fimbo. Fimbo ya kweli pia mtaihitaji, na kila duka lina mtu wa kuwaonyesha pa kuipata.

Fedha ziwe noti za 1,000, 2,000 na 5,000. Muuza ndizi mwenye chenji ya 10,000 asubuhi ni wa kutafutwa. Chakula cha mchana kinapatikana kwa mama lishe kwenye kila senta yenye gulio, ila baada ya saa 8 sufuria zinakuwa tupu. Ulizeni mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama au maharage. Kimpumu, pombe ya kienyeji, mtakaribishwa, kunyweni mkiwa mmefika, si njiani. Maji ya chemchemi yanaonekana safi na watu wanaishi juu yake, kwa hiyo chemsheni au tieni dawa. Mmoja wenu akiharisha, lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Tukuyu mbu ni wachache kwa sababu ya baridi, na hapo ndipo watu wanaposahau kwamba Masoko kushuka hadi Matema ni nchi ya malaria. Kagueni chandarua kabla ya kulipia chumba. Homa ikija wiki 1 au 2 baada ya kurudi Iringa, pimeni, na mwambieni daktari mlikuwa Kyela.

Namna ya kuuliza njia ina ufundi wake. Mkiuliza "Hii njia inakwenda Masoko?" mtajibiwa ndiyo, kwa sababu kila njia hatimaye inafika Masoko, na kumkatalia mgeni si adabu. Ulizeni "Njia ya Masoko ni ipi?" ili aonyeshe kwa mkono. Msiulize umbali, maana "hapo tu" ni kati ya dakika 10 na saa 2, ulizeni "Wewe ukitoka hapa sasa hivi, unafika saa ngapi?" kisha mwongeze nusu yake, kwa kuwa anayejibu anatembea njia hiyo kila siku. Kila njia panda muulizeni mtu mpya. Pakueni ramani ya eneo kwenye simu mkiwa Tukuyu, inayofanya kazi bila mtandao, lakini ichukueni kama msaidizi: vijia vingi vya migombani havimo.

Salamu kwanza, swali baadaye. Kwa Kinyakyusa, asubuhi ni "ugonile" kwa mtu mmoja wa rika lenu, "mugonile" kwa wengi au kwa mzee, na "ndaga fijo" mkishukuru. Mkifika kwenye mji wa mtu, simameni nje ya uwanja uliofagiwa mpaka mkaribishwe. Vitambulisho vya NIDA viwe mfukoni. Kutembea barabarani hakuhitaji kibali, ila ikitokea mkalala nyumbani kwa mtu kwa sababu giza limewakuta, mwombeni mwenyeji awapeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa mtendaji wa kijiji usiku huo huo. Inawalinda nyinyi, na inamlinda yeye zaidi.

Jumapili ya kurudi, ondokeni Matema na gari la kwanza la alfajiri, mpite Ipinda hadi Kyela, kisha basi la Mbeya, mshuke tena Uyole na kungoja gari la Iringa. Matema hakuna la pili la uhakika. Vyungu mlivyonunua vijazeni nguo ndani, vifungeni kwa majani makavu ya migomba, na mvipakate. Kwenye buti la Noah havifiki hata Ipinda.